Aliyeumwa na Nyoka Asifungwe Kamba



Mvua za vuli zimekwisha anza, na majani katika wilaya zetu hizi mbili za Ngara na Biharamulo yamerefuka tena hata kufika magotini. Huu ndio wakati wa kupalilia maharage, wakati wa kuokota uyoga, wakati kumbikumbi hutoka vichuguuni jioni na watoto huwakimbilia kwa miguu mitupu. Ndio pia wakati nyoka hutembea. Kwa hiyo nimemwomba Bwana Mhariri anipe nafasi katika gazeti letu la muhula huu, niseme maneno machache juu ya kuumwa na nyoka, na hasa juu ya mambo tunayoyafanya katika saa ya kwanza baada ya mtu kuumwa. Mimi nafundisha Baiolojia, na kila mwaka naulizwa habari hizi na wanafunzi kuliko habari za somo lingine lolote. Nimeona kwamba wako watu katika sehemu zetu ambao waliharibiwa na saa hiyo ya kwanza kuliko walivyoharibiwa na nyoka mwenyewe.

Sikuandika haya ili kuwatia watu hofu. Hofu tunayo ya kutosha. Bibi yangu alikuwa hakubali jina la nyoka litajwe baada ya jua kuchwa. Ilikuwa lazima kusema "kamba". Mtoto akijisahau akasema nyoka, alipata kofi la mdomo. Mimi siicheki desturi hiyo, kwani wazee waliiweka kwa sababu zao, na sijui mtu aliyepata hasara kwa kuifuata. Lakini jambo lisilotajwa halifundishwi, na lisilofundishwa hufanywa vibaya siku linapotokea.

Shirika la Afya Duniani lakisia kwamba kila mwaka watu wapata milioni 5.4 huumwa na nyoka duniani. Kati yao, watu milioni 1.8 hadi 2.7 huingiwa na sumu, na watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa. Wale wanaokatwa viungo au kubaki na kilema cha maisha ni kama mara tatu ya wanaokufa. Wengi wao ni wakulima, wachungaji na watoto wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Yaani watu kama sisi, wanaolima kwa mkono na kulala penye nyufa. Mwaka 2017 Shirika hilo liliuingiza msiba huu katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likatoa mpango wa kupunguza vifo na vilema hivyo kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Naomba mzitazame tena hesabu hizo, maana nitazirudia hapa chini: katika watu walioumwa, nusu yao au hata zaidi hawakuingiwa na sumu.

Sasa, nyoka wenyewe. Sitawahesabu wote, maana wengi hawana madhara. Chatu, kwa mfano, hana sumu, ijapokuwa huweza kummeza mbuzi wako. Nyoka wa nyumbani wa rangi ya kahawia, ambaye watu humwua kila amwonapo mtu, kazi yake ni kula panya wa ghalani, na mimi ningemlipa mshahara kama angejua kupokea.

Wa kwanza wa kuogopwa ni kifutu. Warundi na Wanyarwanda, jirani zetu wa ng'ambo, humwita impiri. Namhofu kuliko wote, si kwa ukali wake bali kwa uvivu wake. Nyoka wengine wakihisi kishindo cha miguu ardhini huondoka zao. Kifutu hulala pale pale, mnene na mfupi, rangi yake kama majani makavu, akitumaini ya kuwa hutamwona. Huweza kupuliza pumzi kama mvukuto wa mhunzi ili kukuonya, lakini mtu aliyeinama anapalilia huku anaimba au anazungumza na mwenzake hasikii. Akikanyagwa huuma, na aghalabu huuma mguuni au mkononi. Katika mashamba ya migomba, ambako twatandaza majani makavu ili udongo usikauke, tumemtandikia kitanda chake. Sumu yake huharibu nyama: mguu huvimba na uvimbe hupanda juu, malengelenge hutoka, maumivu huwa makali mno, na pengine damu hutoka mahali isipostahili kutoka.

Swila hufuata panya na kuku, kwa hiyo huingia nyumbani. Huyu ana njia mbili za kudhuru. Ya kwanza, hutema sumu kutoka mbali, mwendo wa hatua mbili tatu, naye hulenga macho. Ya pili, huuma, na sumu yake nayo huozesha nyama. Mtu huweza kuumwa naye akiwa amelala sakafuni, asijue ameumwa na nini.

Koboko ni nyoka mwingine kabisa. Watu humwita mweusi, lakini ngozi yake ni ya kijivu au ya rangi ya zeituni. Weusi wake uko ndani ya kinywa. Hupenda mapango ya miti na vichuguu vilivyohamwa, katika mapori ya miombo na katika bonde la mto Kagera. Warina asali na wachoma mkaa wamjua. Sumu yake, na ile ya fira, haiozeshi nyama bali hushika neva. Kope hulegea kama za mtu mwenye usingizi, ulimi huwa mzito, mate hujaa kinywani kwa sababu mgonjwa hawezi kumeza, kisha kifua hushindwa kuvuta hewa. Jeraha lenyewe huweza kuwa dogo, bila uvimbe wa kutisha, na hapo ndipo watu hudanganyika wakasema, "Huyu hakuumwa sana."

Juu ya kudanganyika huko nitasimulia kisa kimoja ambacho huwaambia wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu. Yuko nyoka wa mitini, mwenye macho makubwa, ambaye Makaburu wa Afrika Kusini walimwita boomslang, yaani nyoka wa mti. Dume mara nyingi ni kijani, jike ni kahawia. Ni mpole na huuma watu mara chache sana. Mwezi wa Septemba mwaka 1957 bwana mmoja, Karl Schmidt, mtaalamu mashuhuri wa nyoka katika jumba la makumbusho la Field huko Chicago, aliletewa nyoka mchanga wa namna hiyo amtambue. Akamshika, naye akamwuma kidole gumba. Bwana Schmidt hakuliona kuwa jambo kubwa. Alikwenda nyumbani kwake, akaandika katika daftari kila dalili aliyoiona: kichefuchefu, homa, damu kutoka katika fizi. Asubuhi alijiona ana nafuu, akala chakula chake. Siku hiyo hiyo mchana akafa, kwa kuwa sumu ile huzuia damu isigande, nayo hufanya kazi yake polepole. Basi ikiwa mtu aliyesoma nyoka maisha yake yote alishindwa kujua kwa kujitazama tu kama amepona, sisi tulio nyumbani tutajuaje? Kila aliyeumwa na nyoka asiyejulikana apelekwe hospitali na kuangaliwa kwa saa ishirini na nne, hata kama acheka na kuomba chai.

Na kwenu vijana mnaopenda kujionyesha kwa kukamata nyoka shingoni: yuko nyoka mdogo mweusi atokaye ardhini baada ya mvua, mwembamba kama kalamu ya wino. Meno yake huchomoza ubavuni mwa mdomo, bila yeye kufungua kinywa. Ukimshika shingoni kama mlivyoona katika sinema, atageuza kichwa kidogo tu na kukuchoma kidole. Hakuna namna ya kumshika kwa mkono bila hatari. Pia nyoka aliyekufa, hata aliyekatwa kichwa, huweza kuuma kwa muda baada ya kufa, kwa hiyo msije ofisini mmembeba mkononi kunionyesha. Kama mwaweza kumpiga picha kwa simu ya mkononi mkiwa mbali, pigeni. Kama hamwezi, mwacheni aende. Daktari humtibu mgonjwa kwa kutazama dalili zake.

Sasa nafika penye shabaha ya barua yangu.

Miaka michache iliyopita, katika kijiji ambacho sitakitaja, nilimwona mama mmoja aliyeumwa na kifutu juu ya kifundo cha mguu akipalilia maharage. Watu walikuja mbio kwa upendo wote. Mmoja alikata ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli, akaufunga chini ya goti, akaukaza kwa kijiti mpaka mguu ukawa baridi. Wa pili alichukua wembe akachanja jeraha. Wa tatu alileta mafuta ya taa. Halafu wakambeba kwa mganga, akakaa kwake usiku mmoja na mchana wake, mpira ungali umefungwa. Walipompeleka hospitali, daktari hakuwa na mguu wa kuutibu, maana ulikwisha kufa. Ulikatwa juu ya goti. Mama yule yu hai, hutembea kwa magongo, na binti yake mkubwa aliacha shule ili alime badala yake.

Waliomfunga hawakuwa wajinga. Walifikiri kama mtu anavyofikiri juu ya mfereji wa maji: ziba njia, na sumu haitapita. Lakini mguu si mfereji. Ukifunga kamba au mpira kwa nguvu, huizuii sumu tu, waizuia damu yenyewe, na nyama isiyopata damu hufa kwa saa chache hata bila nyoka. Zaidi ya hayo, sumu ya kifutu na ya swila hula nyama pale ilipo. Ukiifungia mahali pamoja umeipa chakula. Na siku unapofungua, yote huenda mwilini kwa mara moja. Kwa sababu hiyo, mkimkuta mtu amekwisha fungwa mpira kwa nguvu, msiufungue ghafula njiani. Mpelekeni upesi, naye daktari ataufungua akiwa ameshika dawa zake. Zipo bandeji pana ambazo wataalamu wa nchi nyingine huzifunga kwa nyoka wa sumu ya neva, lakini hiyo ni kazi ya mtu aliyefundishwa, na katika nchi ya kifutu mimi siwashauri kuijaribu.

Kuchanja kwa wembe ni kubaya vivyo hivyo, hasa kwa mtu ambaye sumu imekwisha zuia damu yake kuganda. Chale ndogo itatoka damu usiku kucha. Kunyonya kwa mdomo hakutoi sumu iliyokwisha zama katika nyama. Mafuta ya taa, petroli, kinyesi, umeme wa betri ya pikipiki, pombe: vyote ni bure, na vingine ni mateso.

Mtaniuliza, na jiwe jeusi je? Jiwe la nyoka limo katika nyumba nyingi huku kwetu, limefungwa katika kitambaa pamoja na hati za shamba, na wamisionari wengi wa zamani waliligawa kwa nia njema. Kwanza, si jiwe. Ni kipande cha mfupa wa ng'ombe kilichochomwa mpaka kikawa kama mkaa. Hunata juu ya jeraha kwa sababu lina vitundu vidogo sana vinavyonyonya majimaji. Chukua kipande cha chaki ukiguse kwa ulimi, nacho kitanata vivyo hivyo. Litanyonya tone la damu lililo juu. Lakini meno ya kifutu ni marefu kama sindano, nayo hupeleka sumu ndani kabisa, ambako jiwe halifiki. Yeyote anayetaka kuliweka aliweke, mradi aliweke akiwa juu ya pikipiki anakwenda hospitali.

Hapo ndipo hesabu yangu ya mwanzo inaporudi. Wazazi wengi wameniambia, "Mwalimu, wewe wasema hivyo, lakini fulani aliumwa, akapewa mizizi, akapona." Nami nakubali, alipona. Lakini ikiwa katika watu kumi walioumwa watano au sita hawakuingiwa na sumu, ama kwa sababu nyoka hakuwa na sumu, ama kwa sababu alikuwa nayo asiitoe, basi hao wangepona hata kwa kupewa maji ya ugali. Mganga akiwapokea wote kumi, atasifiwa kwa hao watano au sita. Na wale wengine wakifa husemwa kwamba walirogwa, au walichelewa kuletwa kwake. Hesabu ya namna hii haiwezi kumshinda mganga hata siku moja.

Hata hivyo siungani na walimu wenzangu wanaowadhihaki waganga wa kienyeji mbele ya wanafunzi. Mganga ndiye aliye karibu, ndiye aamkaye usiku wa manane, ndiye asiyeuliza kwanza fedha ziko wapi. Mgonjwa akitulizwa moyo na mtu anayemwamini, hilo nalo lina faida yake. Mimi ningependa tukae nao, tukubaliane jambo moja tu: mtu wa nyoka asilale kwao. Amwone, amwombee, amfariji, kisha ampakie kwenye pikipiki saa ile ile. Na mgonjwa akirudi mzima, jamaa zake wampelekee mganga jogoo wake vile vile, maana amefanya kazi.

Basi tufanye nini? Mambo ni machache, na mtoto wa Kidato cha Kwanza aweza kuyashika. Ondokeni alipo nyoka, msipoteze muda kumwinda. Mlazeni mgonjwa, mwambieni kweli kwamba wengi wa wanaoumwa hawafi. Mvueni pete, bangili, saa, viatu na nguo inayobana, kabla uvimbe haujafika. Kiungo kilichoumwa kifungieni banzi, kama mfupa uliovunjika: kijiti kila upande na vitambaa visivyobana, ili kisitikisike, kwani misuli ikifanya kazi huisukuma sumu mwilini. Asitembee. Akibebwa na achukuliwe kwa machela, au kwa blanketi na miti miwili, kama tulivyokuwa tukibeba wagonjwa zamani. Kwa pikipiki akae katikati ya dereva na mtu wa kumshika. Akiwa analegea au anatapika, alazwe ubavu, wa kushoto ukiwezekana, asije akapaliwa. Msimpe aspirini wala dawa za maumivu za jamii yake, kwa sababu huongeza kutoka damu, parasetamoli yafaa. Andikeni saa aliyoumwa.

Aliyetemewa sumu machoni na swila aoshwe macho papo hapo kwa maji mengi safi, yamiminwe polepole kwa dakika 15 hadi 20, huku mtu amemfungua kope. Asisugue. Kama maji hayapo kabisa, maziwa yatafaa. Asitiwe utomvu wa mti wala kitu kikali. Halafu naye aende hospitali, kwani jicho lililochubuka huweza kuoza.

Dawa ya kweli ya sumu ya nyoka ni moja tu, nayo matabibu huiita antivenomu. Habari yake ni nzuri kusimulia darasani. Katika miaka ya 1890 Mfaransa Albert Calmette alikuwa miongoni mwa waliogundua kwamba mnyama akidungwa sumu kidogo kidogo mwili wake hujifunza kutengeneza kitu cha kuipinga, na kwamba maji ya damu yake yaweza kumwokoa mwingine. Mpaka leo farasi ndio wanaofanya kazi hiyo zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari Vital Brazil wa nchi ya Brazili akaonyesha kwamba dawa ya nyoka wa namna moja haiwezi kumsaidia aliyeumwa na nyoka wa namna nyingine. Somo hilo lilisahauliwa kwa gharama kubwa. Zimewahi kuletwa Afrika dawa zilizotengenezwa kwa sumu za nyoka wa Bara Hindi, nazo hazikufaa kwa nyoka wetu. Na dawa moja iliyosifiwa sana kwa nyoka wa Afrika, Fav-Afrique, kiwanda chake cha Ufaransa kiliacha kuitengeneza mwaka 2014, kwa sababu wanaoihitaji hawana fedha. Nasema wazi kwamba jambo hilo lanichukiza. Kama kifutu angekuwa akiuma watu huko Paris, kiwanda kingefanya kazi usiku na mchana.

Dawa hii ni ghali, chupa moja mara nyingi haitoshi, na nyingine hutaka kuwekwa penye baridi. Huweza pia kumletea mgonjwa mshtuko wa ghafula, kwa hiyo haidungwi nyumbani wala dukani, bali mahali penye daktari na dawa za kutuliza mshtuko huo. Hapa Ngara tuna hospitali za Murgwanza na Rulenge, na Biharamulo wanayo yao mjini. Sitasema wapi dawa ipo, kwani dawa huisha na kuletwa tena, na gazeti hili hutoka kwa muhula. Ninachoomba ni hiki: wakuu wa afya wa wilaya watangaze kila mwezi, katika mbao za matangazo za vijiji na shule, ni wapi antivenomu iko siku hizo. Haigharimu kitu ila karatasi. Nimeona mgonjwa akizungushwa mahali patatu katika usiku mmoja, akitafuta chupa iliyokuwa mahali pa nne. Na kama ni lazima kumpeleka mbali, hospitali ya Bugando iko Mwanza, na safari hiyo sasa ni fupi kidogo tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025. Zamani gari la wagonjwa lilikuwa likingoja feri.

Kwa wanafunzi wa sayansi nitaongeza jambo moja, maana lapendeza kwa wepesi wake. Daktari akitaka kujua kama sumu imeharibu damu, huchukua damu kidogo ya mgonjwa, huitia katika chupa safi kavu ya kioo, huiacha imetulia kwa dakika 20, kisha huiinamisha. Ikiwa imeganda, vema. Ikiwa bado inamiminika kama maji, sumu iko kazini. Hakuna mashine wala umeme. Zahanati yoyote yenye saa na chupa ya kioo yaweza kuifanya.

Nimebakiza jambo la shule yetu, nalo huenda lisiwafurahishe wote katika chumba cha walimu. Kila Jumamosi twawatoa wavulana na wasichana kufyeka majani, na zaidi ya nusu yao wamevaa kandambili. Twampa mtoto fyekeo, twampeleka katika majani marefu ambamo sisi wenyewe tusingeingia bila buti, kisha twamkaripia akisita. Mimi naona si haki. Nimeambiwa kwamba sisi tulifyeka kwa miguu mitupu na hatukufa. Ni kweli; waliokufa hawapo hapa kutujibu. Majani na yafyekwe, tena yafyekwe mapema kabla hayajarefuka, kwani uwanja mfupi ndio ulinzi wa kwanza. Lakini asiyekuwa na gambuti apewe kazi nyingine.

Kuni za jikoni zimerundikwa zikiegemea ukuta wa bweni la wasichana, nazo ni nyumba ya panya, na panya ni chakula cha swila. Zihamishwe. Mpishi asitie mkono ndani ya rundo. Avute kila ukuni kwa fimbo. Vyandarua vichomekwe chini ya godoro pande zote; tulipewa kwa ajili ya mbu, lakini vyamzuia na mgeni huyu mwingine. Anayekwenda chooni usiku aende na tochi, apige mguu chini anapotembea. Wale wa kutwa wanaopita njia za porini alfajiri washike fimbo mkononi, wapige majani mbele yao.

Katika mkutano wa wazazi wa mwisho wa muhula nitaleta maombi mawili. La kwanza, shule inunue jozi 20 za gambuti za saizi mbalimbali, ziwe mali ya shule, zikae stoo pamoja na mafyekeo, asitoke mtu na fyekeo bila buti. La pili, kila mzazi achangie kiasi kidogo kila muhula, kiwekwe kwa Bwana Mhasibu, kisiguswe ila kwa nauli ya mgonjwa wa ghafula, ili usiku wa manane tusianze kutafuta nani ana fedha ya mafuta. Waendesha pikipiki wawili wa hapa jirani wamekwisha nikubalia kuamshwa saa yoyote, mmoja upande wa barabara kuu na mmoja upande wa mtoni. Namba zao zimebandikwa mlangoni mwa ofisi, na nyingine iko kwa mlinzi.